Ankara kwa Wizara

Kwa Mheshimiwa, au yeyote afunguaye bahasha:
mimi ni Eirwen Prosser wa Tonypandy, nyumba namba kumi na tisa,
mpishi wa shule miaka ishirini na miwili
hadi baridi yabisi iliponipokonya mwiko.
Naandika kwa kidole kimoja, cha shahada.
Vingine vimejikunja kama tangawizi.
Mniwie radhi nikiruka herufi.

Ripoti yenu nimeipata, baada ya kuiomba mara nne.
*Alikaa wima dakika arobaini. Hakutoa jasho.
Alinyanyua kikombe bila taabu.*
Mliniona lini?
Mimi na mtathmini wenu tuliongea kwa simu.
Kikombe labda alikisikia
kilipoponyoka kikapasuka sakafuni,
nami nikaomba radhi, sijui kwa nani.
Alama: sifuri.

Nikakata rufaa. Miezi kumi na minne.
Huku kwetu bondeni jua la Februari ni kama posho yenu:
linatangazwa, halifiki.

Katikati ya kungoja mkaniita kwenye programu ya ajira.
Ghorofa ya pili. Lifti mbovu.
Nikapiga simu kutoka chini ya ngazi;
msichana wa mapokezi, kwa upole wote,
akasema hawezi kunitia tiki mpaka anione.
Wiki iliyofuata, barua: hukuhudhuria, malipo yamekatwa.
Jirani yangu Gethin, wa fimbo nyeupe,
yeye alifika juu, akipapasa ukuta,
akaketishwa mbele ya filamu isiyo na maneno
ifundishayo namna ya kutabasamu kwenye usaili.
Katika jedwali lenu sote wawili ni "waliofikiwa",
na kampuni imelipwa kwa kila kichwa.

Siku ya rufaa, watu watatu, dakika kumi na moja.
Mama wa katikati aliitazama mikono yangu,
akavua miwani, akasema: umeshinda.
Umeshinda!
Kana kwamba tulikuwa tunacheza bao.
Mtathmini hakuitwa. Kampuni haikuulizwa kitu.
Nikarudi nyumbani na ushindi wangu, mvua ikininyeshea.

Basi hii hapa hesabu.
Cherehani ya mama, niliyoiuza: pauni sitini.
Gesi niliyoizima saa kumi jioni, baridi nzima:
bei siijui, wahasibu mnao nyinyi.
Jino moja.
Harusi ya mpwa wangu kule Cardiff, ambayo niliisikia tu.
Kikombe, cha buluu.
Usiku mia nne na ishirini hivi;
sikuuhesabu wote, mwingine niliulia tu.

Nilimwona waziri wenu kwenye runinga
akisema bungeni kwamba mafunzo yamepatikana.
Nikavuta blanketi, nikajiuliza
nani amefunzwa,
na ada kalipa nani.

Maua sitaki. Wala pole iliyopigwa chapa.
Nataka jina.
Fulani, wa meza fulani, ndiye aliyeandika sifuri,
na fulani mwingine ndiye aliyempangia
sifuri ngapi zipatikane kabla ya chakula cha mchana.
Nyinyi mnaandika: makosa yalitokea,
kama vile makosa yana miguu, tena mizima kuliko yangu.
Mimi asubuhi moja niliunguza uji wa watoto mia tatu.
Sikumwambia mwalimu mkuu, "Uji umeungua."
Nilisema, "Nimeunguza."
Kisha nikasugua sufuria hadi saa tisa.

Nawapa siku ishirini na nane, kipimo chenu wenyewe.
Siku ya ishirini na tisa nitapiga simu.
Nitangoja foleni. Muziki wenu nimeshaukariri,
hata pale unapokwama.

Eirwen Prosser

Nyongeza: kikombe kilikuwa na mwenzake. Huyo hauzwi.